MUHOGO UNA ULINZI WAKE: MANENO YA KATIBU KWENYE MKUTANO WA USHIRIKA

Ndugu wanakijiji, haya tuliyasema mkutanoni. Tumeyaandika hapa ubaoni kwa ajili ya wale waliokuwa shambani siku ile.

Muhogo haukimbii. Nguruwe akija upo palepale, jua likikaza upo palepale. Lakini si mjinga. Ukikatwa hutoa utomvu unaoziba kidonda. Ukame ukizidi, hufunga vitundu vidogo vya majani ili maji yasipotee, kisha hupukutisha majani na kungoja mvua. Tena ndani yake umetenga vitu viwili, kama njiti na ganda la kiberiti. Jino likipasua, vitu hivyo hukutana na sumu ya sianidi hutoka. Ndiyo maana nguruwe huacha shamba la muhogo mchungu akaenda kwa jirani mwenye mtamu. Wenye mchungu msicheke sana! Mwaka 1985 kule Tarime, wakati wa ukame, watu walipooza miguu kwa kula muhogo mchungu ambao haukulowekwa na kuanikwa vya kutosha.

Sasa, jamani, mbona mihogo yetu inaugua na ulinzi wote huo? Yule nzi mweupe mdogo anayekaa chini ya jani hatafuni. Hufyonza kwa mdomo mwembamba kama uzi, kwa hiyo kiberiti hakiwaki, na huku anaacha virusi. Batobato huletwa hivyo, na michirizi ya kahawia vilevile. Mmea hupigana hata hapo. Ziko aina ambazo huzuia virusi visienee matawi yote. Kule Amani, tangu miaka ya 1930, wataalamu waliuchanganya muhogo na ndugu yake wa porini atoaye mpira, wakitafuta nguvu hiyo.

Lakini nzi haendi mbali kama sisi tunavyokwenda na mzigo wa pingili kichwani. Pingili ikiwa na virusi, mmea mpya huzaliwa mgonjwa.

Hapa sisi viongozi tuna kosa, tulisema mkutanoni na tunaandika. Msimu uliopita tuligawa pingili za shamba la karibu na barabara kwa sababu majani yake yalipendeza. Hatukupasua hata mzizi mmoja. Michirizi hujificha hivyo: juu kijani, chini kumeoza. Mama mmoja alikuja ofisini na kikapu, akaipasua mihogo yake juu ya meza yetu mmoja mmoja. Yote kahawia, mikavu, hata mbuzi asingekula. Akauliza watoto wale nini. Hatukuwa na jibu. Alipewa debe mbili za mahindi ya ushirika, nazo hazikutosha.

Basi Jumamosi saa moja asubuhi tunapita shamba la mbegu. Kila shina litakalokatwa pingili, mzizi wake utapasuliwa kwanza mbele ya watu. Lenye alama litang'olewa na kuchomwa, hata likiwa la katibu. Njooni na panga na jembe.