Mkono wa Mkunga Uzoee Kabla ya Kumgusa Mzazi



Mwanamke aliyejifungua aweza kufariki kwa kutokwa na damu ndani ya saa chache. Mtoto asiyepumua huhitaji msaada ndani ya dakika ya kwanza. Wakati huo mkunga hana nafasi ya kufungua kitabu. Naye mwanafunzi huweza kumaliza masomo bila ya kuikabili dharura kama hiyo hata mara moja.

Hapo ndipo penye faida ya mgonjwa wa kuigiza. Kifaa kiitwacho MamaNatalie, kinachotengenezwa na kampuni ya Laerdal ya Norway, hufungwa tumboni mwa mtu anayeshika nafasi ya mzazi. Mtu huyo huuliza, hulalamika na huogopa; katika kifaa hutoka mtoto, kondo la nyuma na damu ya bandia. Mwanafunzi hutakiwa kumliwaza mama, kuonesha namna ya kutoa oksitosini vizio 10 ndani ya dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa, kulikagua kondo na kuukanda mji wa mimba hadi ukaze. Akikosea, damu huendelea kutoka, lakini hapana anayekufa: zoezi huanza upya.

Zanzibar si ngeni katika jambo hili. Mafunzo ya aina hiyo yaliyoandaliwa na shirika la Jhpiego yalijaribiwa hapa, India na Malawi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2014.

Hata hivyo, kifaa peke yake hakitoshi. Katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, mafunzo ya siku moja ya mwaka 2010 yaliinua ustadi wa wakunga mbele ya mwanasesere, lakini utendaji katika chumba cha kuzalishia haukubadilika. Yalipoanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara humo humo wodini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Kwa hiyo mwanasesere aliyefungiwa ghalani hamwokoi mtu. Kila kituo kinachozalisha, kuanzia Mnazi Mmoja hadi Kivunge na Makunduchi, kinastahiki kuwa na kifaa hicho karibu na chumba cha kuzalishia, mkunga mmoja wa kusimamia mazoezi, na dakika chache zilizotengwa kila wiki. Haba na haba hujaza kibaba.