Kituo kiko, umeme bado

Maneno yaliyosemwa na timu ya uwanjani mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Kalemie

 

Kwenye programu ya leo mmeandikiwa kwamba saa hii tungekuwa kule kituoni, tunakata utepe. Hatuko kule. Tuko hapa chini ya hema, na kituo kimefungwa kwa kufuli. Tumeona heri tuwaambie sisi wenyewe, kabla hamjasikia njiani.

Tukumbushane tulikotoka. Mwaka jana chama chetu kilikubali kuwadhamini vijana 11 wapate pikipiki za umeme kwa mkopo. Hesabu ilikuwa nzuri. Petroli yetu inakuja kwa njia ndefu, na bei inapanda kila barabara ikiharibika. Jua tuko nalo. Wafadhili walitoa paneli 24, kila moja wati 500, jumla kilowati 12. Wanachama walichanga matofali, mchanga na dola 5 kwa kila nyumba. Tukaahidi kwamba mwezi wa tatu kituo cha kuchaji haraka kitafunguliwa, na betri itajaa kwa saa moja hivi, muda wa kijana kula chakula chake cha mchana.

Sasa tuko mwezi wa kumi. Pikipiki zilifika, na deni linaendelea kulipwa, dola 15 kila juma. Kituo bado.

Juu ya nini? Ile chaja ya haraka ilipita Dar es Salaam, ikapanda treni hadi Kigoma, ikavuka ziwa kwa meli. Ilipofika tukafurahi, tukapiga picha. Siku ya kuijaribu, haikuwaka. Fundi akasoma karatasi yake akatuuliza, «Nani aliagiza hii? Hii inataka umeme wa fezi 3. Mashine yenu ya jua inatoa fezi 1.» Tuliagiza sisi. Orodha ilipita mezani petu, tukaisaini bila kumwonyesha fundi. Aliyetuuzia hakukosea, alituletea kile tulichoandika. Kosa ni letu, na tunaomba radhi mbele yenu.

Kuna mambo mawili kuhusu mashine hizi ambayo ilifaa tuwaeleze mapema. La kwanza, chaja ya haraka haizalishi umeme. Ni kama bomba pana: ukilifunga kwenye pipa dogo, pipa linaisha mbio. Siku ya jua zuri paneli zetu zinatupa kama kilowati-saa 45. Betri moja ya pikipiki inachukua 3, na nyingine kidogo inapotea njiani. Kwa hiyo, uende haraka ao polepole, siku moja inajaza betri kama 13, basi. La pili, kuchaji haraka kunakimbia mpaka asilimia 80 hivi, kiisha kunapunguza mwendo kwa kulinda betri. Kijana mwenye haraka angeondoka hapo, asisubiri ijae kabisa.

Sasa tunafika kwenye jambo linalotuuma zaidi. Tuliposikia wafadhili wanakuja, tulitafuta njia ya mkato. Tuliuliza bei ya kukodisha jenereta kubwa kwa siku moja, ili chaja iwake, tukate utepe, wageni waone taa za kijani. Bei tulikuwa tumekwisha kukubaliana. Mama mmoja wa kamati akatuuliza swali moja tu: «Na kesho yake, nani ataweka mazuti?» Tulikosa jibu. Tukaiacha jenereta.

Tuwaambie ukweli, wafadhili wetu: mngeondoka na picha nzuri, na hawa vijana 11 wangebaki na kituo kilichofunguliwa kwenye ripoti peke yake. Leo wanachajia kwa mwenye jenereta sokoni, na siku nyingine wanamlipa karibu nusu ya mapato. Mmoja wao alituambia juzi, «Ile mashine yenu iko kwa kufanya kazi ao iko tu kwa kupigwa picha?» Hatukukasirika. Ana haki.

Wengi wetu hapa tunajua kungoja. Tulikulia Lugufu na Nyarugusu, ng'ambo ya ziwa, na Lugufu tuliiona ikifungwa mwaka 2009. Tulingoja jina letu litoke kwenye orodha ya meli. Mnakumbuka, siku nyingi tuliweza kuzivumilia. Kilichotuumiza ni kutokuambiwa kitu. Mtu alifunga mizigo, akaigawa sufuria yake, kiisha jina halikutoka, na hakuna aliyesema kwa nini. Hatutaki kuwafanyia wenzetu hivyo ndani ya chama chetu wenyewe.

Na kuna uchungu mwingine. Katika kila kilo 10 za kobalti zinazochimbwa duniani, karibu 7 zinatoka Kongo yetu. Betri za pikipiki zetu hazina kobalti, lakini zina litiamu, na litiamu iko Manono, ndani ya mkoa huu huu wa Tanganyika. Mawe ya kutengeneza betri yako kwetu, na mtoto wetu anazunguka mji mzima akitafuta pa kuichajia. Jambo hilo ni kubwa kuliko mkutano huu. Kufuli ya kituo chetu, hiyo iko mikononi mwetu.

Basi tunaleta mapendekezo matatu, myapigie kura leo.

Moja: tufungue kidogo. Chaja 6 za kawaida, zile zilizokuja na pikipiki, zinafanya kazi na mashine tuliyo nayo. Fundi amezijaribu siku nne, zimeshika. Betri inajaa kwa saa tano. Tutagawa zamu: vijana 6 asubuhi, 5 mchana. Ni polepole, na kila mmoja atapoteza karibu nusu siku ya kazi. Hatuwafichi.

Mbili: kwa sababu wanapoteza nusu siku, malipo ya mkopo yashuke toka dola 15 mpaka 7 kwa juma, mpaka chaja sahihi ifike. Pengo litoke kwenye mfuko wa kusaidiana. Tunajua mfuko huo ni wa magonjwa na matanga, kwa hiyo hatuwezi kuugusa bila ruhusa yenu.

Tatu, na hili ni kwenu wafadhili: ile pesa iliyowekwa kwa sherehe, bango na vinywaji, mturuhusu tuitumie kurudisha chaja hii na kuleta ya fezi 1, ndogo zaidi. Muuzaji amekubali kubadilisha. Usafiri ni juu yetu. Na safari hii karatasi ya kuagiza itasainiwa na fundi na vijana wawili wa pikipiki kabla yetu sisi.

Tarehe ya chaja mpya hatutaji, juu meli na barabara hazitusikilizi. Tunaahidi tu kwamba kila Jumamosi tutabandika karatasi mlangoni pa kituo: mzigo uko wapi, pesa imebaki ngapi. Hata juma ambalo hakuna habari, tutaandika kwamba hakuna habari.

Ahadi ni deni, na sisi tuko na deni kwenu. Ufunguo wa kituo uko hapa mezani. Mkikubali pendekezo la kwanza, usilale kwetu usiku wa leo. Apewe kijana wa zamu ya kesho asubuhi.

 Sasa tunasikiliza maulizo yenu.