Tovuti ya Chama ni Amana

(Mazungumzo na vijana wa chama baada ya swala ya Tarawehe)

Bismillahi Rahmani Rahim. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. 

Nimeombwa nieleze namna ya kuanza kutengeneza tovuti. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana lilinifunza kuliko darasa la chuo.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza niliitengenezea madrasa yetu tovuti. Jina nilisajili kwa imeli yangu, neno la siri likabaki kichwani mwangu. Tukaweka humo darsa za mirathi za mwalimu wetu, Allah amrehemu, nilizomrekodi kwa simu. Simu ikajaa, nikazifuta. Si ziko kwenye tovuti? Baadaye ile imeli nikaacha kuitumia. Notisi za kulipia zikaja, hakuna aliyezisoma. Siku niliyofungua, muda umekwisha na kila kitu kimeshafutwa. Nakala sikuwa nayo hata moja. Mjane wake aliponiuliza kama ataweza kuisikia ile sauti mwezi huu wa Ramadhani, nilikosa la kumjibu.

Sasa tuje kwenye kazi. Vitu ni vitatu, na wengi huvichanganya. Kuna jina la tovuti. Kwa chama kama chetu, kisichofanya biashara, la kufaa ni lile linaloishia na.or.ke. Kuna nafasi unayokodi kwenye seva, ambako mafaili yako yanakaa. Jina na nafasi vyote hulipiwa, kwa kawaida kila mwaka. Halafu kuna mfumo wenyewe wa kusimamia maudhui, na huu unaweza kuupata bure.

Mfumo huu unafanya nini? Zamani kila ukurasa uliandikwa kwa mkono kwa HTML. Ukitaka kubadilisha nambari ya simu ya chama katika kurasa arubaini, unafungua zote arubaini. Mfumo umetenganisha mambo: maneno yanakaa kwenye hifadhidata, sura ya tovuti inakaa mbali, na msomaji akiita ukurasa mfumo unaviunganisha papo hapo. Kwa hiyo katibu asiyejua programu anaweza kubadilisha ratiba ya futari mwenyewe bila kumsumbua mtu.

Mashuhuri ni Drupal (2001), WordPress (2003) na Joomla (2005). Hiyo Joomla, mjue, ni neno letu "jumla", wameliandika tu kwa tahajia ya Kizungu! Mimi kwa chama nashauri WordPress. Si kwamba inashinda kwa kila jambo, ila watumiaji wake ni wengi, ukikwama hukosi wa kumuuliza.

Lakini usikimbilie kulipa. Pakua XAMPP, ni ya bure, inaifanya kompyuta yako iwe kama seva. Weka WordPress humo, ujaribu, uharibu, ufute, uanze tena. Ukishaziweka, huhitaji bando wala hakuna anayekuona.

Jambo moja ambalo vijana hulipuuza ni daraja za watumiaji. Si kila mtu apewe funguo za msimamizi mkuu. Mwenye daraja ya mchangiaji anaandika lakini hawezi kuchapisha. Makala yake inamngoja mhariri. Hii inatufaa sana sisi. Kijana aandike, ustadhi apitie, ndipo itoke. Hadithi zisizo na asili tumeshazisambaza vya kutosha, tena kwa nia njema.

Na nakala ya akiba, wallahi, iwe tangu wiki ya kwanza. Ukinakili mafaili peke yake umebeba picha na sauti, lakini makala zako umeziacha kwenye hifadhidata. Chukua vyote viwili, na usiviweke kwenye seva ile ile. Ikiungua, si vimeungua pamoja?

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, ni ya kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Basi na sisi tuandikiane. Jina lisajiliwe kwa imeli ya chama. Tarehe ya kulipia, kampuni tuliyokodi, na mahali nakala zilipo, viingie kwenye daftari la chama. Maneno ya siri yafungiwe kwenye bahasha, na wawili wajue bahasha iko wapi. Mimi nikihitimu nikaenda kutafuta kazi Nairobi au Dubai, tovuti isiende nami.

Daftari nimekuja nalo. Mwenyekiti na katibu wasiondoke, tuanze usiku huu huu. Na kama yupo aliyewahi kutumiwa zile darsa za mirathi, zikabaki kwenye simu kuukuu au kadi ya kumbukumbu, tafadhali anione hapo mlangoni.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.