Kazi haijaisha sindano zikitoka

(Mazungumzo ya mama mfumaji mbele ya wanachama, hapa Bunia)



Nitasema jambo moja tu. Sweta ya mtoto ikitoka kwenye sindano, wengi wetu tunaikunja, tunaitia katika mfuko, kesho soko. Mnunuzi anaishika, anaona mkono mmoja unapita mwingine, ukingo umejikunja, nyuzi zinaning'inia ndani. Anakutajia bei ya mtumba. Na deni la uzi liko palepale, kwenye likilimba wanakungojea. Kazi ya siku nne imeuzwa kama ya siku moja, juu ya ile kazi ndogo ya mwisho.

Kwanza mujue uzi wenu. Ule wa sokoni mwingi ni akriliki, lakini katika nyuzi tunazopewa munakuwa pia manyoya ya kondoo, na karatasi yake mara nyingi imepotea. Kata kipande kifupi kama kidole, kishike na koleo, kipeleke kwenye makala. Kikinuka kama nywele zilizoungua na kubaki majivu ya kupondeka, ni manyoya. Kikiyeyuka na kufanya kidonge kigumu, ni akriliki. Kikinuka karatasi, ni pamba. Kile kidonge musikiguse mbio, kinachoma.

Ya manyoya inapenda maji. Iloweshe katika beseni, maji ya baridi au vuguvugu na sabuni kidogo, dakika ishirini. Usiisugue kama suruali ya shule. Maji ya moto na kusugua vinaifanya inasinyaa, inakuwa nene kama blanketi, na haitarudi tena. Iminye polepole, usiikamue, ikunje ndani ya taulo na kuikanyaga. Halafu ilaze juu ya godoro au mkeka wenye kitambaa, ipime kwa mita: kushoto sawa na kulia. Pini pembeni, uache mpaka ikauke. Kwenye kamba, hapana: uzito wa maji unavuta mabega mpaka magotini. Na wakati wa jua kali ilazwe ndani ya nyumba, vumbi yetu nyekundu munaijua.

Akriliki ni mambo mengine. Ukiilowesha na kuilaza, itanyooka kidogo, lakini ukiifua inarudi ginsi ilivyokuwa. Hiyo inataka mvuke. Tandika kitambaa chenye maji juu yake, pasi ya makala ishikwe hewani, upana wa vidole viwili, isiguse. Pasi ikikaa juu yake, uzi unakufa: unalegea, unang'aa, na hakuna dawa. Ukingo wa shingo na wa mikono usiupitishie mvuke kabisa, pale tunataka uvutike. Na kabla ya kuanza, mupanguse majivu chini ya pasi.

Wale wanaokaa bado katika hema, Kigonze na kwingine, mtaniuliza: nitalaza wapi? Musishone sweta kwanza. Laza kipande kimoja kimoja juu ya katoni iliyofunikwa na plastiki: mgongo leo, mikono kesho. Vipande vilivyolala vizuri njo vinashonwa bila kulazimisha.

Sasa nyuzi za mwisho. Hapa siyo bei tu. Acha uzi wa urefu wa kiganja, upitishe kwa sindano butu ndani ya macho ya kazi, uende upande mmoja kisha urudi. Ukifunga fundo na kukata karibu, litafunguka. Na uzi mrefu ukibaki ndani ya soksi, unaweza kuzunguka kidole cha mguu wa mtoto mchanga na kukikaza mpaka damu isipite. Mtoto analia, mama anatafuta homa. Kwa hiyo geuzeni kila soksi ndani nje kabla ya kuuza. Kamba ya shingoni pia tuiache. Kifungo kivutwe kwa nguvu: kikitoka mkononi mwako, kingetoka mdomoni mwake.

Wenzetu waliorudi kutoka Kyangwali, ng'ambo ya Ziwa Albert, wamekuja na sindano zao, mikono inajua. Soko liko pia, kule juu Djugu asubuhi iko baridi kweli.

Na ninyi wafadhili, uzi tunashukuru. Mukituma tena, muache karatasi yake juu, na muongeze pini zisizoshika kutu na mita za kupimia. Kwa sasa pini tunaazimana.