Maji ya Alfajiri: Hotuba juu ya Kupima Risasi katika Maji ya Nyumba za Zamani



Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeyafanya maji kuwa uhai wa kila kiumbe. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad. Ama baada ya hayo, jambo la leo ni dogo kwa macho, lakini ni kubwa kwa watoto. Nalo ni madini ya risasi katika maji ya kunywa.

Kila mtoto aliyepita chuoni amefundishwa kuyachungua maji kwa mambo matatu: rangi, ladha na harufu. Elimu hiyo ni ya haki. Lakini risasi, kwa kadiri ipatikanayo majumbani, haibadilishi rangi, wala ladha, wala harufu. Basi maji yaweza kufaa kwa udhu, na papo hapo yakawa na madhara kwa mtoto ayanywaye. Swali la risasi hujibiwa kwa kipimo tu.

Risasi hiyo hutoka wapi? Ni nadra kutoka katika chemchemi. Mara nyingi maji hufika mtaani yakiwa salama, yakaipata ndani ya ua: katika bomba la zamani, katika lehemu ya maungio, na katika bilula za shaba ya manjano, ambayo huchanganywa na risasi kidogo ili ichongeke kwa urahisi. Maji yakilala usiku kucha bombani, huila polepole. Marekani ilipiga marufuku kutia mabomba mapya ya risasi mwaka 1986, na Ufaransa mwaka 1995. Gitega, ambako Wajerumani waliweka makao yao mwaka 1912, ina majumba ya enzi za wakoloni. Na Muyinga nako wako wajukuu wakaao katika nyumba za babu zao. Umri wa nyumba si hatia. Ni sababu ya kuuliza.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. La, sivyo. Huko Toamasina, katika kisiwa cha Madagaska, mafundi walikuwa wakitia vali za risasi katika pampu za mkono za majumbani. Utafiti uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba maji mengi ya pampu hizo yalipita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na vali za chuma zikaanza kutiwa mahali pa zile za risasi.

Kiwango chenyewe ni mikrogramu 10 kwa lita. Maana yake, gramu 1 tu ya risasi yatosha kuyafikisha kwenye mpaka huo maji ya madumu 5,000 ya lita 20. Na kwa mtoto, Shirika hilo halijui kadiri yoyote ya risasi mwilini isiyo na madhara. Humpunguzia damu, hujificha mifupani, na huudhuru ubongo ungali ukikua. Na mama mwenye mimba humpitishia aliye tumboni. Mtoto huyo huwa mzito wa kuhifadhi na mwepesi wa kusahau. Mwalimu humwita mvivu, baba humkemea, naye hana kosa.

Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliyaonja hayo kwa njia nyingine, yaani kwa moshi, vumbi na maji machafu ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu tangu mwaka 2007 hadi 2014. Hawakuwa na hakika ya kilichowaumiza watoto mpaka damu ilipopimwa.

Desturi ya kuchemsha maji ni njema, wala isiachwe, maana huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini risasi haifi motoni. Maji hupungua sufuriani, risasi hubaki ile ile.

Kupima si kazi ngumu. Bilula isifunguliwe usiku kwa muda wa saa sita au zaidi. Alfajiri, kabla mtu yeyote hajatawadha, maji ya kwanza yakingwe katika chupa safi ya lita 1. Kisha yaachwe yapite kwa dakika tano, ikingwe chupa ya pili. Zote mbili ziandikwe, zipelekwe kwenye maabara yenye chombo cha kupimia madini. Ikiwa ya kwanza ina risasi na ya pili haina, kasoro imo nyumbani. Zikiwa nayo zote mbili, yapasa Regideso na wakuu wa afya waambiwe.

Hadi majibu yarudi, maji yaliyolala bombani yasinywewe. Yatiwe ndooni, yafulie nguo, kwani israfu haifai.

Bilula za misikiti na vyuo zianze kupimwa, maana ndipo watoto wa watu wote wanywapo. Kisha wenye nyumba za kupangisha wafuate. Sheria yataka madhara yaondolewe, na ajuaye kasoro ya bomba lake akanyamaza hana udhuru mbele ya mpangaji wake. Gharama ya kipimo yaweza kuchangwa. Akili ya mtoto ikiisha kudhurika, hapana mchango uwezao kuirudisha.