Tuwaheshimu Wanaowalinda Watoto Wetu

(Mada kwa waamini na viongozi wa walei, Mgwashi, Usambara)





Mada niliyopewa yahusu watu na kazi zinazowalinda watoto dhidi ya madhara yapatikanayo katika mtandao wa intaneti, na namna itupasavyo kuwatambua na kuwaheshimu watu hao. Huenda mtu akauliza: jambo hili latuhusu nini sisi wakulima wa milimani? Naomba nianze na jambo letu wenyewe.

Wazee wa Usambara walituachia masimulizi ya Mbegha, mwindaji aliyetoka nchi ya Ngulu. Alikuta nguruwe mwitu wakiharibu mashamba. Akawaua, akagawa nyama, na mwishowe watu wa Vuga wakampa utawala. Abdallah bin Hemedi aliyaandika masimulizi hayo katika kitabu chake cha Habari za Wakilindi. Ipo sehemu moja ambayo hatuikumbuki sana. Mbegha alipokuwa mchanga aliota meno ya juu kwanza, na kwa desturi ya siku zile mtoto wa namna hiyo, yaani kigego, aliuawa. Yeye hakuuawa. Waliomzaa walimhifadhi, wakamlea, akakua. Mwindaji alipewa ufalme. Waliomhifadhi mtoto hatusikii kwamba walipewa kitu.

Hata leo twampigia makofi yule aonekanaye na watu, ilhali amhifadhiye mtoto kimya kimya hupita barabarani bila kuambiwa hata asante. Jamii hufundisha kwa yale inayoyasifu. Tukiwasifu wenye fedha peke yao, watoto wetu watajifunza kwamba fedha ndiyo utu. Tukimsifu anayewalinda, watajua kwamba wao wana thamani, na watajua pia mlango wa kubisha siku ya taabu.

1. Madhara yenyewe

Simu imefika kwetu na imeleta mema mengi. Ndugu aliyeko Tanga au Dar es Salaam hutuma fedha za ada kwa simu. Mkulima huulizia bei ya maharage kabla ya kupeleka mzigo gulioni. Hatuwezi kuirudisha ilikotoka, wala hatutaki. Lakini mlango upitishao ada na salamu huweza pia kumpitisha mwovu. Hujifanya rafiki wa rika moja na mtoto, hutuma vocha, husifu uzuri wake. Baada ya siku chache huomba picha ya faragha. Akishaipata, maneno yake hubadilika: mtoto atume nyingine, au akubali kukutana naye, la sivyo picha ile itapelekwa kwa wazazi na kwa walimu. Tangu hapo mtoto amefungwa kwa kamba ya aibu, na mwenye kamba hiyo aweza kuwa mbali au aweza kuwa jirani.

Utafiti kuhusu Tanzania uliotolewa mwaka 2022 na UNICEF, ECPAT na INTERPOL ulionyesha kwamba katika mwaka mmoja tu, asilimia 4 ya watoto wenye umri wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walitendewa ukatili mkubwa wa kingono kupitia mtandao. Makisio yake ni watoto wapatao 200,000. Mambo mawili katika utafiti huo yatupasa kuyatafakari. La kwanza, mara nyingi mkosaji ni mtu ambaye mtoto tayari anamfahamu. La pili, ni watoto wachache mno waliokwenda polisi au waliopiga simu ya msaada. Wengi waliosema walimwambia rafiki, na wengine walinyamaza kabisa.

Basi ulinzi wa mtoto huanza kabla ya mitambo na kabla ya mahakama. Huanza pale anapokuwapo mtu mzima mmoja ambaye mtoto aweza kumwambia jambo la aibu naye asipigwe, asitukanwe, wala asitangazwe. Huyo ndiye mlinzi wa kwanza, na ndiye tunayemsahau.

2. Nani anastahili heshima?

Wapo kwanza wanaopokea simu. Shirika la C-Sema huendesha Simu ya Huduma kwa Mtoto, namba 116, ambayo hupigwa bila malipo. Mtoto aweza kuipiga, na hata mzazi, mwalimu au jirani. Anayeipokea husikiliza kilio ambacho hatakiona kwa macho, kisha hukipeleka kwa maofisa wanaohusika.

Wapo wanaoziondoa picha. Huko Uingereza kuna taasisi iitwayo Internet Watch Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1996. Watumishi wake huchunguza picha za watoto waliotendewa ukatili ili zifutwe katika mtandao. Ni kazi nzito kwa moyo wa mwanadamu, kwani kila siku hulazimika kuyaona yale ambayo sisi tungefumba macho. Tanzania nayo ina njia ya kupeleka taarifa kwa taasisi hiyo.

Wapo vijana wenyewe. Mwaka 2020 Tuzo ya Kimataifa ya Amani ya Watoto alipewa Sadat Rahman wa Bangladesh, akiwa na umri wa miaka 17. Alisikia habari za msichana wa miaka 15 aliyejiua baada ya kuonewa mtandaoni. Pamoja na wenzake akaunda programu ya simu ambayo kwayo kijana anayeonewa huomba msaada, nao wanaojitolea humwunganisha na polisi au washauri. Tuzo ile ilimpa sifa, na zaidi ya sifa ilimpa njia ya kuiendeleza kazi yake. Hapo pana fundisho: heshima ya kweli humwongezea mtu nguvu ya kutenda.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Je, sisi twawatunza wa kwetu? Mwenye kibanda cha kuchajia simu anayekataa kuwawekea watoto filamu chafu katika kadi zao, ingawa zingemletea fedha, anastahili heshima. Mwalimu anayempeleka mtoto kwa ofisa ustawi wa jamii badala ya kumwadhibu mbele ya wenzake, anastahili. Bibi anayeweka jembe chini ili amsikilize mjukuu wake, anastahili. Kijana aliyetumiwa picha ya msichana wa kijijini, akakataa kuisambaza na kuwakemea wenzake, huyo ametenda jambo kubwa kuliko anavyodhani.

3. Kuheshimu bila kuumiza

Ndugu wapendwa, hapa yatupasa kuwa waangalifu, maana heshima iliyotolewa vibaya huzaa madhara mapya.

Kwanza, tusimwanike mtoto. Tunapomshukuru mlinzi, tusimtaje aliyelindwa, wala darasa lake, wala ukoo wake, wala kisa chake. Katika kijiji chetu kila mtu humjua mwenzake. Ukisema maneno mawili, la tatu watu watalijaza wenyewe.

Pili, heshima isigeuzwe kuwa kinga. Mtu aliyesifiwa kwamba awapenda watoto asiachwe akae nao faraghani pasipo mwangalizi, na akilalamikiwa achunguzwe kama mtu mwingine yeyote. Jambo hilo latuhusu hata sisi viongozi wa kanisa, tena sisi kwanza.

Tatu, tupime kazi yenyewe. Mradi wenye fulana na mabango usihesabiwe kuwa bora kuliko mama mmoja ambaye watoto humkimbilia. Tuulize: je, watoto wenyewe wanamjua? Je, wakimwendea wanasikilizwa? Je, kesi hufika mahali pake, au humalizwa nyumbani kwa mbuzi na soda?

Nne, asante iambatane na msaada. Anayempeleka mtoto hospitali au polisi hutoa nauli mfukoni mwake, huacha shamba lake, na pengine huchukiwa na jamaa ya mkosaji. Jumuiya imchangie nauli, imlimie shamba siku hiyo, tena isimame naye hadharani.

4. Sheria nayo inatutaka

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humwagiza kila mwanajamii mwenye habari za mtoto anayevunjiwa haki kuitoa taarifa hiyo kwa serikali ya mtaa wake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilipotungwa ilisema kwamba anayesambaza picha chafu za mtoto kwa kompyuta au simu aweza kufungwa miaka isiyopungua 7, au kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 50, au vyote viwili. Kwa hiyo picha ya namna hiyo ikikufikia, usimtumie mwingine hata kwa nia ya kumwonya. Andika namba iliyoituma, kisha toa taarifa katika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga 116.

5. Pendekezo

Kila tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika, inayoadhimishwa tangu mwaka 1991 kuwakumbuka wanafunzi waliouawa Soweto mwaka 1976. Mwaka 2023 siku hiyo ilihusu haki za mtoto katika ulimwengu wa mtandao. Napendekeza kwamba Jumapili iliyo karibu na tarehe hiyo kila jumuiya itaje, kwa ridhaa yao, majina ya watu wawili au watatu waliowasikiliza na kuwalinda watoto, iwaombee, na iwape msaada unaohitajika katika kazi yao. Mtoto atakayekuwa amekaa kwenye benchi la nyuma na siri yake moyoni atasikia majina hayo, naye atajua pa kwenda.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Watoto wa jumuiya yetu wakipatwa na jambo la aibu, humwendea nani? Kwa nini humwendea huyo?
2. Ni nani kati yetu aliyewahi kumsaidia mtoto akaachwa peke yake? Twaweza kumfanyia nini sasa?
3. Ni desturi zipi zetu zinazomfanya mtoto aogope kusema? Tuzibadiliје kwa namna gani?