Mshahara na Chungu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Wampembe)



Wengi wetu tupokeapo mshahara mwisho wa mwezi, hulipa kwanza deni la dukani. Fedha zile tumekwisha kuzila kabla hatujazishika. Nataka kueleza jinsi tuwezavyo kuliepuka deni hilo.

Kwanza, tununue kitu kwa wakati wake. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ing'aapo huadimika, na bei hupanda. Basi na tuwanunue siku za giza, tuwaanike wakauke kabisa. Husemwa akiba haiozi, lakini dagaa aliyewekwa na unyevu huoza. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa ziwani tangu 15 Mei hata 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu ile, mwenye dagaa wakavu nyumbani aliijua thamani ya akiba.

Pili, mahindi na maharage ya nyanda za juu za Ufipa tuyanunue kwa gunia baada ya mavuno, watu wawili watatu wakishirikiana gharama ya kuyateremsha. Anunuaye kibaba kibaba humlipa kila mchuuzi faida yake.

Tatu, tule nyumbani. Uji wa ulezi hushibisha kuliko chai na maandazi ya mgahawani. Maharage yakilowekwa usiku kucha huiva upesi, na kuni husalia.

Mwisho, tusiwafiche wake zetu hesabu ya mshahara. Mpishi asiyejua kilichomo mfukoni atapimaje kilichomo chunguni?